Marehemu Hakukataa Kupokea Wito

Nchi yetu ina jina zuri sana, lakini siwezi kulitaja hapa. Jina hilo limo katika ubeti wa pili wa wimbo wa taifa, na wimbo wa taifa una mwenyewe, na mwenyewe ni Kampuni ya Taifa ya Sauti. Yeyote anayelitamka bila kibali huhesabiwa kuwa ameimba. Kwa hiyo sisi wananchi watiifu husema "hapa", na tukiwa safarini husema "kule kwetu", na mambo yanakwenda vizuri tu. Maofisa wa nchi za watu wakituuliza tumetoka wapi, tunawaonyesha pasi na kutabasamu.

Mimi ni Afisa Mwandamizi wa Miongozo katika Wizara ya Sauti. Ni mimi niliyeandika kile kitabu chenye jalada la kijani ambacho bila shaka unacho nyumbani, umekiweka chini ya mguu wa meza inayoyumba: *Mwongozo wa Msanii katika Kuielewa Mikataba Aliyokwisha Kuitia Saini*. Kiko katika toleo la kumi na nne. Wapo wabishi waliowahi kuuliza kwa nini msanii asipewe kitabu kabla ya kusaini. Mheshimiwa Waziri aliwajibu barabara siku ya uzinduzi. "Ndugu wananchi," alisema, "ukimfafanulia mtu mkataba kabla hajausaini, umeingilia uhuru wake wa kusaini." Tulipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto. Mimi nilipiga zaidi ya wengine, maana hotuba niliiandika mimi.

Nayasema haya mapema ili ujue kwamba yanayofuata hayasimuliwi na mtu mwenye chuki na serikali.

*

Bi Siwatu Ngwali alifariki siku ya Jumatatu, saa nne asubuhi, nyumbani kwake, akiwa amelalia mkono wa bintiye. Hapa hakuna asiyemjua. Aliposaini mkataba, miaka thelathini na minane iliyopita, kifungu cha kwanza kilisema anaikabidhi Kampuni sauti yake yote. Yeye alidhani ni nyimbo. Kampuni, ambayo haipendi kitu kiharibike bure, ilizikata nyimbo zake neno moja moja na kuyaunga maneno upya kwa matumizi ya umma. Ndiye anayekuita hospitalini: "Namba hamsini na sita, dirisha la nne." Hilo "dirisha" lilitolewa katika wimbo wa mwanamke anayemngoja mume aliyezama, ndiyo maana wagonjwa wetu huitwa kwa kwikwi. Ndiye anayetangaza ghorofa katika lifti za serikali. Ndiye anayewaambia wapiga kura, "Asante, umekwisha kuchagua," wakiwa bado wanatafuta kalamu.

Mtukufu Rais aliguswa sana na msiba huo. Akatangaza siku tatu za maombolezo, ofisi zote zifungwe, na redio imcheze Bi Siwatu mfululizo bila kupumzika.

Hapo kwenye kupumzika ndipo penye shida yote. Kwetu, mwimbaji akifa, ndugu zake hupita redioni na katika mabaa na kumbi za harusi, wakaomba nyimbo zake ziwekwe kando. Wazee wetu walituambia kwamba maiti anayeimbishwa hageuki vumbi. Kila anapochezwa, hujigeuza kule chini kutafuta aliyemwita. Mimi ni msomi na siamini mambo hayo. Lakini katika siku zile tatu nilizima redio yangu, nikamwambia mke wangu kwamba betri zimekwisha.

*

Siku ya nne, ofisi zilipofunguliwa, mtu wa kwanza dirishani kwangu alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na kitu, amejifunga kanga mbili za msiba, macho yamevimba.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Karibu."

"Naitwa Mize. Mimi ni mtoto wa Bi Siwatu."

Nilisimama. "Pole sana na msiba, mwanangu."

"Tumeshapoa. Nimekuja kuomba mama azimwe."

Alilisema kama mtu anayeomba taa izimwe. Nikamwomba akae, nikamuuliza marehemu mwenyewe alisema nini.

"Alisema, 'Mize, nikifa wanizimie. Nimeimba vya kutosha. Sitaki nilale chini wenzangu wanacheza juu ya kichwa changu.' Alinishika hapa." Akanionyesha kifundo cha mkono. "Akanambia niape. Nikaapa."

Nilifungua kitabu changu, Sura ya Tatu, nikamsomea kwa upole. Msanii akifa, mrithi anaweza kuusitisha mkataba kwa notisi ya maandishi, iletwe kwa mkono, dirishani, ndani ya siku tatu tangu kifo. Leo ilikuwa siku ya nne.

"Siku hizo tatu tulikuwa matangani," akasema.

"Naam."

"Na ofisi yenu ilifungwa."

"Kwa heshima ya mama yako."

"Nilikuja siku ya pili, baba. Niliacha watu msibani nikaja na barua. Mlinzi akaniambia nirudi nyumbani, ofisi inamwombolezea Bi Siwatu. Nikamwambia ni mama yangu. Akanipa pole."

Mlinzi wetu ni mtu mwenye adabu sana, na amewahi kupewa cheti. Nilimweleza Mize kwamba sheria haikukusudia kumwonea mtu. Ilitokea tu kwamba wasanii wengine wote waliotangulia walikufa bila umaarufu, ofisi ikabaki wazi. Spika ya ukumbini ikasema, kwa sauti ya mama yake, "Namba mbili, tafadhali," na nikamwona akigeuka haraka kuitika, kisha akakumbuka.

Sikupenda nilivyojisikia wakati ule. Nilimpa fomu ya kwenda Baraza la Usuluhishi wa Sauti, nikaijaza mimi mwenyewe kwa mwandiko mzuri.

*

Baraza liliketi wiki mbili baadaye, chini ya Jaji Mstaafu Kitula, mzee mnene mwenye huruma ambaye huvua miwani kila anapotaka kuonewa huruma yeye. Kampuni iliwakilishwa na Wakili Msomi Byalugaba. Mimi nilikaa pembeni na kitabu, kwa kuwa sheria inataka Mwongozo uwepo chumbani ingawa hailazimu usomwe.

"Shauri la Siwatu Ngwali na Kampuni ya Taifa ya Sauti," alianza Jaji. "Bi Siwatu yupo?"

"Amefariki, mheshimiwa," alijibu Mize.

"Hilo nimelisoma. Nauliza kama yupo. Alipelekewa wito?"

Tarishi wa Baraza alisimama. "Nilimpelekea, mheshimiwa. Niliubandika kaburini siku ya Alhamisi saa tatu asubuhi, nikapiga picha. Nilimsomea mara mbili kwa sauti."

"Akasemaje?"

"Hakukataa kupokea."

Jaji akaandika. Wakili Byalugaba akainuka, akafunga kifungo cha koti.

"Mheshimiwa, kwanza tunampa pole binti. Msiba wake ni msiba wetu, hasa sisi. Pili, tunabisha kwamba hakuna aliyekufa. Mkataba huu haukuwahi kuwa na mwili wa Bi Siwatu. Haumo mguu, haumo moyo, halimo tumbo. Iliyomo ni sauti. Na sauti, mheshimiwa, leo asubuhi imenipandisha hapa kwa lifti. Imeniambia nitoke ghorofa ya tano, nikatoka, na kweli ilikuwa ya tano. Je, maiti anajua hesabu?"

Ukumbi ukanong'ona kwa kustaajabu. Hata mimi, nakiri, niliona ni hoja iliyopangwa vizuri.

"Mheshimiwa," alisema Mize, "mimi nilimwosha kwa mikono hii."

"Na hilo halibishaniwi," akasema Wakili. "Uliosha kisichokuwa chetu."

Jaji alivua miwani. Alifuta macho, akatoa uamuzi ambao magazeti yote yaliusifu kwa hekima. Kwa kuwa mwenye mkataba ni sauti, alisema, basi sauti hiyo ina haki ya kuuvunja. Kama Bi Siwatu ataliambia Baraza, kwa sauti yake mwenyewe, kwamba amechoka na anataka kunyamaza, Baraza litamsikiliza. Akampa siku ishirini na moja za kufika au kusikika.

Mize aliniuliza tulipotoka nje, "Atasikikaje, baba?"

Nikamjibu kwamba Wizara ina maktaba ya kanda. Kila kilichorekodiwa studio kwa miaka yote thelathini na minane kimo, si nyimbo tu, bali hata mazungumzo ya katikati, maana mkataba ulisema sauti yote na Kampuni hupenda kutekeleza mkataba. Msanii au mrithi wake anaruhusiwa kusikiliza, akiwa na afisa wa miongozo. Afisa huyo ni mimi.

Kwa mara ya kwanza alitabasamu. Meno yake ya mbele yana mwanya, sawasawa na wa mama yake.

*

Tulisikiliza kuanzia saa mbili asubuhi hadi saa tisa alasiri, siku baada ya siku, katika chumba cha chini kinachonuka siki kwa kanda zilizozeeka. Mimi nilikuwa nikiweka kanda na kuzungusha swichi. Mize alikaa na spika kubwa mapajani kwake, maana alisema akiiweka mbali anaona kama anasikiliza mlangoni kwa mtu.

Nyimbo tuliziruka. Tulitafuta yaliyo baina yake. Tukamsikia Bi Siwatu akiomba maji ya moto na tangawizi. Tukamsikia akimkoromea mpiga tumba, "We baba, unakimbilia wapi? Umeacha chungu jikoni?" na bendi nzima ikaangua kicheko, na sisi wawili pia tukacheka, kisha tukaona aibu kucheka naye. Tulimsikia akipiga chafya. Katika kanda ya sitini na moja alikatisha ubeti katikati akasema, akihema, "Ngojeni kidogo. Huyu ananipiga mateke."

Mize akauweka mkono juu ya spika, akauacha hapo. "Ni mimi huyo," akasema polepole. "Ndimi niliyekuwa nampiga."

Mwongozo haukuwa na sura inayohusika. Nikazima mashine. Tukakaa. Ukimya wa chumba kile haukuwa mtupu. Nilihisi kuna mtu anayetungoja tuendelee. Mke wangu alinambia siku zile kwamba nikiwa sebuleni ninageuka-geuka kama niliyeitwa.

Siku ya kumi na tisa, kanda ya mia moja na kumi na nane, ambayo juu yake palikuwa hapajaandikwa kitu, tulimpata. Bendi ilikuwa imemaliza kupiga. Kuna mlio wa mguu wa kiti, kuna mtu anakohoa kwa mbali. Kisha yeye, si kwa sauti ya jukwaani, bali ile kavu ya mtu aliyevua viatu:

"Basi, jamani. Basi. Nimechoka mwenzenu. Mnichukulie yote lakini sasa naomba ninyamaze. Niacheni ninyamaze."

Zilikuwa sekunde arobaini na moja pamoja na kikohozi.

Mize hakulia. Alishusha pumzi ndefu, akasema, "Huyo. Huyo ndiye mama." Akaniomba nirudie, nikarudia. Halafu akanishika mkono kwa mikono yake miwili akasema, "Mungu akulipe, baba. Mama atalala."

*

Sasa nitasema jambo ambalo sijamwambia mtu.

Siku ya Baraza tulipanda kwa ngazi, kwa sababu Mize alikataa kuingia kwenye lifti. Alitangulia na kanda ameikumbatia kifuani. Mimi nilikuwa nyuma, nakipigapiga kitabu pajani kwa furaha. Kati ya ghorofa ya tatu na ya nne nikakumbuka Sura ya Saba.

Sura ya Saba niliiandika siku ya Ijumaa, baada ya chakula, nikiwa na usingizi. Inasema: kazi yoyote ya msanii ambayo haijawahi kusikika hadharani, ikiwasilishwa kwa hiari na yeye au mrithi wake, itahesabiwa kuwa ni kazi mpya, na mkataba utaanza upya tangu siku hiyo kwa muda wa miaka hamsini.

Nilisimama. Mguu mmoja ulikuwa ngazi ya juu na mwingine ya chini. Nilimwona Mize akipanda, kisigino chake kimepasuka, kanga imemlegea begani. Lilihitajika neno moja tu: "Rudi." Lakini kanuni ya utumishi inamkataza afisa wa miongozo kumshauri mhusika kabla hajasaini, na daftari la kusaini lilikuwa juu, mlangoni. Baada ya kusaini ningeweza kumweleza kila kitu, na kwa ufasaha. Nina miaka ishirini na sita kazini. Nina cheo. Nikapandisha mguu wa chini.

Mlangoni tarishi alimpa kalamu. Mize akasaini, kwa haraka, huku akitabasamu.

*

Kanda ilichezwa. Feni zilizimwa ili isikike vizuri. Bi Siwatu alipofika kwenye "niacheni ninyamaze", mwanamke mmoja nyuma aliangua kilio, na Jaji Kitula alivua miwani, safari hii kwa kweli, akaifunika sura yake kwa joho. Nilianza kuamini kwamba pengine Sura ya Saba naikumbuka mimi peke yangu.

Wakili Byalugaba aliinuka taratibu. Na yeye macho yalikuwa mekundu.

"Binti," alisema, "hii imewahi kusikika na nani?"

"Haijawahi," alijibu Mize, kwa fahari. "Ni mimi na baba huyu tu."

"Umeileta kwa hiari yako?"

"Kwa hiari yangu kabisa."

"Na umesaini daftari?"

"Nimesaini."

"Basi kwa niaba ya Kampuni napenda kukupongeza." Akainama kidogo. "Katika miaka yote aliyotufanyia kazi, mama yako hakuwahi kutupa kitu kizuri namna hii."

Jaji aliomba Mwongozo. Nilimpelekea mwenyewe, umefunguliwa kwenye ukurasa. Alisoma, akajifuta pua, akatamka kwamba Baraza limemsikia Bi Siwatu na limeguswa mno. Hata hivyo, ombi hilo alikuwa akiwaomba wapiga ala, na wapiga ala hawakuwa upande wowote wa mkataba. Kwa hiyo hakuna notisi iliyotolewa. Kilichotolewa ni kazi mpya, nayo imepokelewa kwa mujibu wa sheria. Miaka hamsini kuanzia leo.

Mize alikuwa bado anatabasamu. Tabasamu lilibaki usoni kwake muda mrefu baada ya maneno kwisha, na watu walimpa mkono wakidhani ameshinda. Kisha akanigeukia.

"Kitabu ni chako, baba?"

"Ndiyo."

"Ulikuwa unajua?"

Nikamwambia kwamba maelezo hutolewa baada ya kusaini, na kwamba sasa niko tayari kumweleza. Hakunitukana. Afadhali angenitukana.

*

Kampuni ilitia ngoma chini ya zile sekunde arobaini na moja, na kinanda kidogo kwenye kikohozi. Ndani ya mwezi mmoja hapakuwa na harusi bila wimbo huo. Maharusi huingia nao ukumbini. Wanafunzi huupigia mchakamchaka. Mheshimiwa Waziri aliufungulia mkutano wa wafanyakazi waliogoma, akasema ni wimbo wa uzalendo unaotufundisha faida za kunyamaza. Mimi nilipandishwa cheo, na toleo la kumi na tano limeuweka kama mfano wa kazi iliyowasilishwa bila kasoro.

Kule kaburini, wanaoishi jirani wanasema udongo hautulii. Wameushindilia mara tatu, na kila wakirudi wanakuta umenyanyuka. Mimi ni msomi. Nilikwenda kuangalia Jumapili moja baada ya mlo wa mchana, na sitaandika nilichokiona.

Mize anakuja Wizarani kila siku ya kazi. Hadai kitu, hasumbui mtu, mlinzi humwacha apite. Husimama kwenye korido ya ghorofa ya pili, chini ya spika, pale ambapo wimbo huchezwa kuanzia saa tatu hadi saa sita ili kuwachangamsha watumishi. Mama yake akisema, "Niacheni ninyamaze," Mize huinua uso na kujibu, kwa upole, kama mtu anayeongea na mgonjwa, "Samahani, mama." Hujibu kila mara. Siku moja nilimhesabu mpaka nikashindwa.

Njia ya kwenda ofisini kwangu ni hiyo moja. Kwa miezi minne nimekuwa nikipita na faili usoni. Jana hakunipisha.

"Baba," alisema, "mimi nimemwomba radhi mpaka koo limekauka. Haninyamazii. Nadhani anayemngoja si mimi."

Nilimwambia kwamba ofisi haiwezi kukiri kosa bila kibali cha Katibu Mkuu.

"Simtaki Katibu Mkuu. Wewe."

Watumishi walikuwa wakipita na vikombe vya chai, wengine wakitikisa mabega kufuata ngoma. Nikashusha faili. Nikatazama juu, kwenye matundu madogo ya spika, na nikahisi, Mungu ni shahidi yangu, kwamba kule ndani kuna mtu aliyeacha kuhema ili anisikie. Nikasema, "Samahani, Bi Siwatu. Nilikumbuka ngazini."

Wimbo ulikuwa umefika mwisho. Spika ikakaa kimya kwa sekunde nne zinazoruhusiwa na mkataba kabla ya wimbo kurudiwa, na katika sekunde hizo Mize alinishika mkono, tukangoja wote wawili. Kisha Bi Siwatu akaanza tena kuomba.